Anguilla, Saba au Saint-Barthélemy: Kuchagua Safari ya Siku Moja Kutoka Saint Martin

Mtu akipanda hadi kileleni Pic Paradis, mlima wa mita 424 ambao ndio mrefu kuliko yote kisiwani Saint Martin, na hewa ikiwa safi, huviona visiwa jirani kwa kugeuza shingo tu. Anguilla imelala kaskazini, bapa kama mkeka. Saint-Barthélemy iko kusini-mashariki na vilima vyake vilivyochongoka. Na Saba inachomoza kusini-magharibi moja kwa moja kutoka baharini kama jiwe la mafiga. Kutoka pale juu kila kisiwa huonekana kuwa karibu, na hapo ndipo wageni wengi hukosea, kwa kuwa hupanga kuvizuru vyote katika juma moja, kisha hurudi nyumbani wakiyakumbuka magati na foleni za uhamiaji kuliko visiwa vyenyewe. Nilikaa huko siku kumi na mbili, nikasafiri kwa boti na kwa ndege, na nimeshawishika kwamba msafiri asichague kwa uzuri wa picha, maana vyote ni vizuri. Achague kwa kuuliza mambo matatu: upepo unatoka wapi, saa ngapi zitabaki za kuwa nchi kavu, na pasipoti yake inamruhusu nini.

Kiganja na vidole vyake

Saint Martin yenyewe ina kilomita za mraba zipatazo 87 tu, na imegawanywa kati ya Ufaransa na Uholanzi tangu mkataba wa mwaka 1648. Upande wa kaskazini ni wa Ufaransa na mji wake mkuu ni Marigot; upande wa kusini, Sint Maarten, ni nchi ndani ya Ufalme wa Uholanzi na mji wake mkuu ni Philipsburg. Katikati hakuna kizuizi wala ukaguzi, na mtu hutambua kwamba amevuka mpaka kwa kuona lugha ya vibao vya barabarani imebadilika. Kati ya visiwa ninavyovizungumzia hapa, ni uwanja wa Princess Juliana pekee, ulioko upande wa Uholanzi, unaopokea ndege kubwa zinazovuka Atlantiki, na kwa sababu hiyo usafiri wote wa jirani umejengwa kuuzunguka. Visiwa hivi vimekaa kama vidole kwenye kiganja: kutoka kidole kimoja kwenda kingine, mara nyingi lazima upite kiganjani. Ipo boti inayounganisha Saba na kisiwa jirani cha Sint Eustatius, lakini anayetoka Anguilla kwenda Saint-Barthélemy kwa usafiri wa kawaida mara nyingi atarudi kwanza Saint Martin. Ndiyo maana ninashauri chumba kimoja cha kulala, kisiwa kimoja cha makazi, na safari za kwenda na kurudi, badala ya kuburuta mizigo kila siku ya pili.

Upepo kabla ya nauli

Msomaji aliyekulia pwani yetu amezoea bahari yenye zamu: kaskazi huvuma kwa miezi yake, kusi ikaja kuipokea, na kati yake kuna tanga mbili. Karibi haina zamu ya namna hiyo. Upepo wake ni matlai, hutoka mashariki karibu mwaka mzima, na huzidi nguvu kuelekea Krismasi na katika Januari, yaani katika msimu uleule ambao watalii ni wengi na bei ziko juu.

Ukishalijua hilo, ramani inaanza kusema. Saint-Barthélemy iko upande unakotoka upepo, kwa hiyo boti huenda kwa upepo wa omo, yaani wa mbele, ikipanda kila wimbi na kuliangukia, kisha jioni hurudi ikisukumwa kutoka tezi, yaani nyuma, kwa utulivu mkubwa zaidi. Saba ni kinyume chake: asubuhi unateremka na mawimbi, na mchana, ukiwa umeshachoka kwa kupanda mlima, ndipo unapokabiliana nayo. Safari ya Anguilla hukata upepo kwa ubavu, na mlango wa bahari kati ya visiwa hivyo viwili ni mwembamba, kwa hiyo hata siku mbaya huisha upesi. Mtu anayejua jinsi mkondo wa Nungwi unavyoweza kumfanya abiria wa Pemba asitamani chakula siku nzima ataielewa hesabu hii bila kuelezwa zaidi.

Msimu wa vimbunga huanza Juni na kumalizika Novemba, na miezi ya Agosti, Septemba na Oktoba ndiyo ya kuogopwa zaidi. Kimbunga Irma kilipiga tarehe 6 Septemba 2017 na kuivunja Saint Martin, Saint-Barthélemy na Anguilla kwa siku hiyo moja. Kama una uhuru wa kuchagua tarehe, miezi ya Aprili, Mei na mwanzo wa Juni hukupa upepo uliopungua, vyumba vya bei nafuu zaidi na bahari ambayo vimbunga bado havijaifikia.

Pasipoti

Kila kisiwa kina mamlaka yake, na hili linawahusu wasomaji wengi wa Kiswahili kuliko linavyowahusu Wazungu tuliosafiri nao. Anguilla ni eneo la ng'ambo la Uingereza. Saba na Sint Eustatius ni manispaa maalumu za Uholanzi tangu tarehe 10 Oktoba 2010. Saint-Barthélemy ni ya Ufaransa. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Kongo asidhani kwamba viza ya Schengen inamaliza kazi, kwa sababu maeneo haya ya Karibi, hata yale ya Ufaransa na Uholanzi, hayamo katika eneo la Schengen na yana masharti yao ya kuingia. Aziulize balozi zinazohusika kabla ya kulipia chochote, apate jibu kwa maandishi, na alichukue jibu hilo safarini. Jambo la pili ni rahisi kusahaulika: kwenda Anguilla kula chakula cha mchana ni kutoka Saint Martin, na kurudi jioni ni kuingia upya. Aliyepewa ruhusa ya kuingia mara moja tu anaweza kujikuta upande wa pili wa maji, na mizigo yake yote ikiwa hotelini Marigot.

Anguilla: siku moja iliyo kamili

Kwa mtu mwenye siku moja tu ya kutoka, ninampeleka Anguilla bila kusita. Feri za abiria huondoka Marigot mara nyingi kwa siku na kufika Blowing Point baada ya dakika 20 hadi 25. Zipo pia boti ndogo zinazoondoka karibu na uwanja wa ndege wa Princess Juliana, kwa bei kubwa zaidi. Nauli ya feri ndiyo ya chini kuliko zote ninazozilinganisha hapa, ingawa msafiri akumbuke ada za bandari, ambazo hulipwa mbali na tiketi. Aliyepanda feri ya saa tatu asubuhi anaweza kukaa nchi kavu hadi saa kumi au kumi na moja jioni, na hakuna kisiwa kingine kinachokupa muda mrefu hivyo kwa fedha kidogo hivyo.

Kisiwa chenyewe ni cha mawe ya chokaa na matumbawe, hakina mlima wala mto, na uzuri wake wote umewekwa ukingoni. Shoal Bay East ina mchanga mweupe uliolainika kama unga wa sembe, na maji yake yana kina kifupi kwa hatua nyingi, hivi kwamba watoto huweza kucheza bila mzazi kushika roho mkononi. Kutoka Sandy Ground, palipo na bwawa la zamani la chumvi nyuma ya pwani, boti ndogo hukuvusha kwa dakika chache hadi Sandy Island, fungu la mchanga lenye minazi michache na mahali pa kula kamba koche aliyechomwa mbele yako. Ufukwe wa Rendezvous Bay ni mrefu na mtulivu zaidi, na kutoka hapo unaitazama milima ya Saint Martin uliyotoka asubuhi.

Gari la kukodi linafaa, kwa sababu fukwe ziko mbalimbali na teksi za safari tatu au nne hupanda bei upesi. Magari hupita kushoto kama kwetu, jambo linalompa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa utulivu ambao Mfaransa hana, na kibali cha muda cha kuendesha hupatikana papo hapo kwa mwenye gari. Fedha ya kisiwa ni dola ya Karibi Mashariki, iliyofungwa kwa kiwango cha 2.70 kwa dola moja ya Marekani, lakini dola za Marekani hupokelewa kila mahali.

Ninaipenda Anguilla pia kwa historia yake, ambayo ufukweni haionekani. Mwaka 1967 watu wake walikataa kuwekwa chini ya serikali moja na St Kitts na Nevis, wakawafukuza polisi waliotoka huko, na mwaka 1969 Uingereza ikatuma askari kwenye kisiwa ambacho kilikuwa kikiomba kubaki chini yake. Utengano rasmi ulikuja mwaka 1980. Siku hizi kisiwa hicho hicho kinapata mapato makubwa kwa sababu majina ya tovuti yanayoishia na .ai ni yake, na kampuni za akili unde (AI kwa kifupi cha Kiingereza) duniani kote huyalipia.

Saba: ukiweza, lala

Jina lisimhangaishe msomaji, kwa maana halihusiani na hesabu yetu. Saba ni kilomita za mraba 13 za volkano iliyolala, ina watu wapatao 2,000, na haina ufukwe wa mchanga wa kudumu. Kwenye Well's Bay mchanga huja na kuondoka kwa msimu. Anayetafuta kuota jua asiende. Anayetaka kuona kitu ambacho hatakiona mahali pengine, aifanye Saba kuwa ya kwanza katika orodha yake.

Boti kutoka upande wa Uholanzi huchukua kati ya saa moja na robo na saa moja na nusu, na hushusha abiria Fort Bay. Ndege ndogo za Winair huruka kutoka Princess Juliana na kufika kwa muda wa robo saa hivi, zikatua kwenye njia ya mita 400 hivi, iliyo fupi kuliko ya uwanja wowote mwingine wa ndege za abiria za kawaida duniani, na yenye genge la bahari kila mwisho wake. Nilikaa nyuma ya rubani. Mwamba ulikuwa ukijaza kioo chote cha kushoto, kisha ndege ikajipinda, lami ikatokea chini ya pua yake, magurudumu yakagusa, na kabla sijamaliza kuvuta pumzi tulikuwa tumesimama.

Kutoka bandarini barabara hupanda kwa kona kali hadi The Bottom, mji mkuu, kisha Windwardside, na ni barabara hiyo iliyonifanya nikipende kisiwa hiki. Wahandisi wa Uholanzi walisema haiwezekani kujengwa. Mwenyeji mmoja, Josephus Lambert Hassell, akajifunza uhandisi kwa njia ya posta, na kuanzia mwaka 1938 yeye na wenzake wakaijenga kwa mikono. Kipande cha Fort Bay hadi The Bottom kilikamilika mwaka 1943 na kazi yote mwaka 1958. Kabla ya hapo mizigo ilipandishwa kichwani kwa vidato 800 vilivyochongwa kwenye mwamba wa Ladder Bay, na vidato hivyo bado vipo kwa anayetaka kuvijaribu.

Mlima Mount Scenery ndio kilele cha juu kabisa katika Ufalme wote wa Uholanzi, na njia yake ina vidato 1,064. Nilianza Windwardside saa tatu asubuhi jua likiwaka. Nusu ya njia, jua likatoweka, ukungu ukaingia kati ya miti, na vidato vikawa na kuvu laini ya kijani inayoteleza kama sabuni. Kando yake kulikuwa na majani yanayofanana kabisa na ya magimbi, ila makubwa kiasi cha mtoto kujifunika mvua, na kila jani lilikuwa likidondosha maji kwa wakati wake, hivi kwamba msitu mzima ulisikika kama chungu kinachochemka polepole. Kwenda na kurudi kulinichukua saa tatu na ushei. Hapo ndipo hesabu ya siku moja inapobana: boti hukupa saa tano au sita nchi kavu, ukipanda mlima umekula zaidi ya nusu, na mapumziko ya mchana yamekula sehemu nyingine. Utarudi bandarini ukiwa hujaiona The Bottom, wala hujaongea na mama mmoja anayeshona lesi ya Saba, ufundi ulioletwa kisiwani katika miaka ya 1870 na Mary Gertrude Johnson, aliyejifunza kwa watawa huko Caracas.

Wapiga mbizi wana hesabu nyingine. Bahari yote inayoizunguka Saba ni hifadhi tangu mwaka 1987, na minara ya mawe iliyo chini ya maji huvuta wazamiaji wa kila nchi. Lakini aliyezama kwa mitungi hapaswi kuruka kwa ndege siku hiyohiyo, na hata kupanda Mount Scenery baada ya kuzama hakushauriwi. Basi mzamiaji arudi kwa boti au alale, na mlima aupande kabla, si baada.

Saint-Barthélemy: nenda kwa ndege, rudi kwa boti

Nitasema wazi kwamba nilikwenda vibaya. Ilikuwa Januari, nilichagua boti ya asubuhi kwa sababu nauli yake ilikuwa chini ya ile ya ndege, na nahodha alitutahadharisha mapema kwamba bahari imechafuka. Kabla ya nusu saa, mabaharia walikuwa wakipita kati ya viti wakigawa mifuko ya karatasi, na mama mmoja aliyekaa karibu nami alikuwa ameukumbatia mkoba wake macho yamefumbwa. Safari hiyo ya dakika 45 hadi saa moja ilinigharimu saa mbili nyingine za kukaa kwenye benchi bandarini Gustavia nikingoja dunia itulie. Jioni, upepo ukiwa tezi, boti ileile ilirudi kana kwamba bahari ni nyingine.

Ndege kutoka Princess Juliana, au kutoka uwanja mdogo wa Grand Case upande wa Ufaransa, huchukua dakika 10 hadi 15, ikapita juu kidogo ya kilima cha La Tourmente na kuteremka kwenye njia ya mita 650 hivi inayoishia ufukweni St Jean. Ndiyo maana ninapendekeza kulipa ndege ya kwenda tu na kurudi kwa boti. Unaokoa sehemu ya gharama na unaikwepa ile sehemu mbaya ya bahari.

Gustavia ni mji mdogo, safi, uliopewa jina la mfalme Gustav III, kwa kuwa Sweden ilikitawala kisiwa kutoka mwaka 1784 hadi 1878. Kuhusu gharama, fedha ni euro, chakula cha mchana cha kawaida hulipiwa bei ya karamu, na maduka yamekusudiwa wenye mashua zilizofungwa gatini. Hata hivyo fukwe ni za umma na hazina kiingilio. Shell Beach unaifikia kwa miguu kutoka bandarini. Saline na Gouverneur hazikujengwa hoteli kwenye mchanga wake, na anayebeba mkate, matunda na maji ya kutosha anaweza kukaa hapo siku nzima kwa fedha kidogo. Kama hukodi gari, toa Saline na Gouverneur katika mpango wako, maana barabara ni za milima na jua ni kali.

Viwili vya pembeni

Sint Eustatius inawafaa wanaosafiri kwa ajili ya historia, na inahitaji usiku mmoja. Tarehe 16 Novemba 1776 mizinga ya ngome ya Oranje iliijibu salamu ya meli Andrew Doria, iliyopeperusha bendera ya Wamarekani waasi, na mwaka 1781 Admirali Rodney wa Uingereza akakiteka kisiwa na kukipora. Magofu ya maghala bado yamepangana ukingoni mwa maji. Ghala za pale zilishika sukari na vitambaa, na zilishika watu pia, kwa kuwa kisiwa kilikuwa soko la watumwa. Anayefika atembee pale polepole.

Îlet Pinel haihitaji pasipoti wala mpango. Ni kisiwa kidogo cha Saint Martin yenyewe, boti huvusha kutoka Cul-de-Sac kwa dakika chache, na maji yake ni shwari.

Nani aende wapi

Mwenye watoto wadogo, au mzazi mzee, aende Anguilla, na siku nyingine awapeleke Pinel. Asiwapandishe boti ya Saint-Barthélemy katika miezi ya upepo. Anayehesabu kila dola atapata Anguilla kwa nauli ndogo, na Saba kwa thamani kubwa, kwa kuwa njia za milimani zinahitaji viatu vizuri na maji tu, na fedha rasmi ni dola ya Marekani. Wawili walio kwenye fungate wanaweza kuiona Saint-Barthélemy kuwa inastahili gharama yake, hasa wakilala usiku mmoja baada ya wageni wa mchana kuondoka. Mwenye magoti mabaya asidanganywe na udogo wa Saba, kwani hakuna hatua tambarare kisiwani. Mwenye kuogopa ndege ndogo, naye achague Anguilla tu, aache mashindano.

Kwa mwenye siku saba, ningepanga Anguilla siku ya pili, Saba siku ya nne kwa kulala usiku mmoja, na kuiacha Saint-Barthélemy kwa safari nyingine. Safari ya Saba isiwekwe siku ya mwisho kabla ya kuruka kurudi nyumbani, kwa sababu ndege na boti zote mbili huahirishwa upepo ukizidi, na hakuna njia ya tatu ya kutoka kwenye ule mwamba. Siku ya kuondoka kwenda bandarini, toka hotelini mapema kuliko unavyodhani inatosha: daraja la Simpson Bay hufunguliwa mara kadhaa kwa siku kupitisha mashua, magari husimama pande zote mbili, na feri haimsubiri aliyekwama darajani.